Vidonge vya triphala kwa choo kigumu: uzoefu wangu

Nilianza kutumia vidonge vya triphala, mchanganyiko wa matunda matatu wa tiba ya asili ya Kihindi, kwa sababu ya vidonge vingine. Zahanati walipima damu, wakaikuta iko chini, nikaandikiwa madini ya chuma ya kumeza kila siku kwa miezi kadhaa, na kama wanavyojua wengi waliopita njia hiyo, dawa ya kuongeza damu huja na choo kigumu na tumbo lililojaa gesi. Dawa za nyumbani ninazozijua kwa shida hiyo ni sanamaki na haluli. Zote mbili hufanya kazi, tena kwa kishindo, lakini sanamaki hunisokota tumbo usiku kucha, haluli huniacha nikiwa nimeishiwa maji mwilini, na hakuna hata moja kati yake inayofaa kunywewa siku hadi siku kwa muda wote ambao ningekuwa natumia madini ya chuma. Nilitafuta kitu cha taratibu, na jirani yangu wa Kigujarati, ambaye nyumbani kwao triphala haikosekani, ndiye aliyenitajia.

Chupa niliyonunua ina vidonge 60 vya miligramu 500, imetengenezwa India, na niliuziwa kwa shilingi 18,000 katika duka moja la Kisutu, Dar es Salaam, katika mitaa ambayo dawa za Kiayurveda, yaani za tiba hiyo ya asili ya Kihindi, hukaa rafu moja na viungo, ubani na unga wa dengu. Nilisoma lebo yake yote kabla ya kulipa, kwa kuwa mnunuzi wa dawa za aina hii hana kitu kingine cha kushika isipokuwa kile kilichoandikwa pale. Imetaja kwa majina ya kisayansi mimea mitatu, ikaeleza kuwa iliyotumika ni nyama ya tunda bila kokwa, ikaonyesha kuwa matunda yote matatu yamewekwa kwa uzito ulio sawa, kisha ikataja gundi ya mgunga na wanga, ambavyo kazi yake ni kukishikamanisha kidonge. Namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi zimepigwa chapa kwenye chupa yenyewe, si kwenye kijikaratasi cha kubandua.

Tunda la kwanza ni amla, Phyllanthus emblica, tunda chachu lenye vitamini C, ambalo wengi wetu tunalifahamu kupitia mafuta ya nywele tu, ilhali India huliwa bichi kwa chumvi, hutiwa kwenye achari na hupikwa kwa sukari. La pili ni haritaki, Terminalia chebula, ambalo Wagujarati huliita harde, na la tatu ni bibhitaki au baheda, Terminalia bellirica. Haya mawili ni ya jenasi moja na mkungu wetu wa pwani, Terminalia catappa, ule ambao watoto huokota matunda yake na kupasua kokwa kwa jiwe wapate kula kungu. Haritaki ina tanini, yaani kemikali ya mimea inayoleta ukakasi, nyingi mno, kiasi kwamba matunda hayo yamekuwa yakitumika tangu zamani kusindika ngozi za wanyama, na anayefahamu hilo hatashangazwa na ladha yake.

Maana ladha hiyo haina utani. Kidonge ni cha rangi ya kahawia iliyofifia chenye madoadoa meusi, hakikupakwa ganda lolote la nje, na kikicheleweshwa kidogo tu ulimini hutoa ukakasi unaokausha kinywa kama aliyeng'ata bibo. Wataalamu wa Ayurveda huhesabu ladha sita, yaani utamu, uchachu, chumvi, ukali, uchungu na ukakasi, na husema kwamba triphala inazo zote isipokuwa chumvi. Mimi nilizipata waziwazi uchachu, uchungu na ukakasi. Utamu ulikuja baadaye, nilipokunywa maji, na huo husababishwa na amla, ambayo huyafanya maji yanayofuata yawe na utamu wa ajabu. Nilitumbukiza pia kidonge kimoja katika kikombe cha maji ya vuguvugu ili nione kitafanya nini. Kilianza kumomonyoka pembeni, kikamwaga unga wa kahawia, na kabla chai yangu haijapoa kilikuwa kimebaki tope chini ya kikombe. Kwangu hiyo ni alama njema, kwa sababu nimewahi kununua vidonge vya mitishamba vigumu kiasi kwamba nilikuwa na shaka kama havitoki kama vilivyoingia.

Triphala si dawa iliyobuniwa juzi na wafanyabiashara. Matunda yake yametajwa katika vitabu vikuu vya tiba ya Kihindi, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, na katika mpangilio wa Ayurveda, unaoeleza afya kwa mizani ya nguvu tatu za mwili ziitwazo vata, pitta na kapha, inahesabiwa kuwa ni miongoni mwa michanganyiko michache inayozituliza zote tatu. Haritaki peke yake ina heshima yake: upo msemo wa Kisanskriti usemao kwamba asiye na mama nyumbani, haritaki ndiyo mama yake. Matumizi yaliyozoeleka ni kulainisha choo, kusukutua kinywa kwa ajili ya fizi, kuosha macho kwa maji yake yaliyochujwa, na kunywewa kwa muda mrefu kama rasayana, yaani dawa ya kuutunza mwili usichakae. La kuosha macho sikulijaribu wala sitalijaribu, kwa kuwa maji yaliyochujwa kwa kitambaa jikoni si maji yaliyotakaswa, na jicho halisamehe.

Lebo ya chupa yangu, hata hivyo, haikuridhika na hayo. Inaahidi pia kusafisha damu, kuondoa sumu mwilini, kupunguza uzito na kuimarisha kinga, ahadi ambazo hukutwa karibu kwenye kila chupa ya aina hii, ya Kihindi, ya Kichina au ya kwetu. Ni sumu gani inayoondolewa, haikutajwa. Utafiti uliofanywa kwa binadamu upo, mwingi wake ukiwa umefanyika India kwa makundi madogo ya watu, na katika niliousoma, uliokaa vizuri zaidi ni ule wa kusukutua kinywa, ambapo maji ya triphala yalilinganishwa na klorheksidini, dawa inayotolewa na madaktari wa meno, yakaonekana kupunguza utando wa meno kwa kiwango kinachokaribiana nayo. Kwa upande wa choo, ushahidi ni mdogo zaidi lakini unaelekea kulekule ambako watumiaji wa kale walielekea.

Kabla ya kuanza nilimuuliza mfamasia aliyenipa madini ya chuma, na jibu lake ndilo lililoamua ratiba yangu yote. Tanini hunata kwenye madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasifyonzwe, jambo lilelile ambalo hufanya watu waambiwe wasimeze vidonge vya damu kwa chai. Kwa hiyo kumeza triphala pamoja na madini ya chuma kungekuwa ni kulainisha choo na kuiua dawa kwa wakati mmoja. Madini ya chuma nikayaweka asubuhi na mapema, kabla ya kula, na triphala wakati wa kulala, vidonge viwili kwa glasi ya maji ya vuguvugu, saa mbili au zaidi baada ya chakula cha usiku. Natamani jambo hilo lingekuwa kwenye lebo, kwa sababu wanawake wengi wanaotafuta dawa ya choo hutafuta kwa sababu ileile iliyonipeleka mimi.

Siku za mwanzo zilileta gesi nyingi na ngurumo za tumbo, bila msokoto wala kukimbizana na mlango wa choo. Mabadiliko yenyewe hayakuja kwa usiku mmoja. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza nilikuwa napata choo karibu kila asubuhi, kikiwa laini lakini chenye umbo, na ule uzito wa chini ya kitovu niliokuwa nimeuzoea ukapungua. Nilipojaribu vidonge vitatu badala ya viwili, choo kikawa cha majimaji, nikarudi kwenye viwili. Lazima niseme pia kwamba kipindi hichohicho nilikuwa nakunywa maji mengi kuliko kawaida na kula papai karibu kila siku, hivyo sifa zote siwezi kuzipa chupa. Lakini safari iliponipeleka mkoani nikaiacha nyumbani, papai na maji vikiendelea, choo kikaanza kugoma tena, na niliporudi na kuanza upya kikalainika. Hilo linanitosha. Uzito wangu haukubadilika, macho yangu bado yanahitaji miwani, na kuhusu kinga sina kipimo cha kuieleza.

Sehemu ya ununuzi inayohitaji uangalifu haihusu triphala yenyewe. Muuzaji, mzee mpole aliyenihudumia kwa subira, aliposikia kwamba nalalamikia pia magoti alinitolea chupa nyingine. "Mama, hii nzuri sana kwa viungo, watu wengi wanarudia," akaniambia. Ilikuwa ni Mahayogaraj Guggulu, dawa maarufu yenye utomvu wa mti uitwao mguggul pamoja na triphala ndani yake, na pamoja na vitu vilivyoandikwa naga bhasma, vanga bhasma na rasa sindura. Bhasma ni majivu ya madini yaliyochomwa: naga ni risasi, vanga ni bati, na rasa sindura hutengenezwa kwa zebaki na salfa. Huu ni utaratibu wa zamani wa tawi la Ayurveda liitwalo rasa shastra, ambalo huamini kwamba kuyachoma madini hayo mara nyingi huyaondolea madhara. Nilimshukuru mzee, nikairudisha chupa. Ipo pia Yogaraj Guggulu bila neno "maha", ambayo kwa kawaida haina majivu hayo ya risasi na zebaki, na tofauti ya silabi mbili kwenye jina ni kubwa hivyo.

Wasiwasi wangu una msingi. Mwaka 2004 daktari Robert Saper na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la JAMA matokeo ya kupima dawa 70 za Kiayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya eneo la Boston, Marekani, na 14 kati yake zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walipima nyingine 193 zilizouzwa kwa intaneti, wakakuta karibu moja katika kila tano ina madini hayo, na zile za rasa shastra zikiwa na uwezekano zaidi ya maradufu kuliko za mimea mitupu. Viwango vinavyokubalika India kwa dawa za mimea ni sehemu 10 za risasi kwa milioni, 3 za aseniki, 1 ya zebaki na 0.3 ya kadimiamu. Kwa hiyo kidonge cha mimea mitupu, chenye majina kamili na namba ya toleo, si dhamana kamili, lakini kinakuondoa kwenye kundi lenye hatari kubwa zaidi. Hapa Tanzania dawa hizi ziko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na ni haki ya mnunuzi kuuliza kama dawa imesajiliwa.

Mjamzito asiitumie, na hilo hata Ayurveda yenyewe inalisema. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda azungumze kwanza na daktari wake, kwa kuwa triphala inaweza kushusha sukari na kuingiliana na dawa nyingine. Mwenye damu kwenye choo, anayepungua uzito bila sababu, au aliyebadilika ghafla mwenendo wa choo akiwa mtu mzima aende hospitali kwanza, hata kama duka liko karibu zaidi.

Nimekwisha kununua chupa ya pili, kwa kazi hiyo moja tu. Duka lilelile huuza pia unga wa triphala kwa kupima, kwa bei isiyofika nusu ya vidonge, na mzee anausifu kwamba hufanya kazi haraka zaidi kwa sababu hupita ulimini. Sikuuchukua, kwa kuwa hutolewa kwenye gunia lisilo na tarehe, jina la mtengenezaji wala namba ya toleo.