Meza ya vitabu vya mitumba, Samora: nilifuata kitabu cha mtoto

Huu ni mwezi wa nane nanunua vitabu kwenye meza moja ya mitumba kando ya Barabara ya Samora, Posta, Dar es Salaam. Vitabu vya shule vimepangwa mbele, maana ndivyo vinavyotoka haraka. Riwaya za Kiswahili zimo kwenye maboksi nyuma. Uchutame uchambue mwenyewe.

Siku ya kwanza nilifuata kitabu cha kidato cha tatu cha mwanangu. Mzee muuzaji, huku anakitafuta, akaniuliza, "Na wewe mama, unasoma nini?" Nikamjibu kwamba tangu nimalize shule sijashika riwaya, nikifunga cherehani jioni macho yamechoka. Akanitolea Kisima cha Giningi, jalada limeshikwa na selotepu. "Kikikuchosha nirudishie, nakupa hela yako." Elfu tatu.

Mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, sikuwahi kumsikia. Kumbe kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, ana watu wake wanaompenda tangu enzi za wazazi wetu! Ana kiko chake, na haraka hana. Kiswahili ni cha Unguja, kimenyooka, unasikia watu wanavyokatana kauli barazani. Umeme ukikatika kazini, nawasomea kwa sauti mabinti wawili ninaowafundisha kushona. Kila mmoja ana mtu anayemshuku, wanabishana mpaka umeme unarudi na hakuna anayetaka kurudi kwenye mashine.

Nikamfuata mwandishi yule kitabu kwa kitabu. Duniani Kuna Watu kiliniumiza: nafika ukurasa wa 32, ninaofuata ni wa 49. Nilirudi nimekasirika. Mzee akaomba radhi, akaandika namba za kurasa kwenye daftari lake. Wiki mbili baadaye alipata nakala nyingine, akatoa kopi zile kurasa na kunipa bure. Hata hivyo, wewe ukienda fungua kitabu chote kabla ya kulipa.

Vitabu vipya usivitegemee pale. Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobel mwaka 2021, ambayo Ida Hadjivayanis ameitia kwenye Kiswahili kitamu, nilikwenda kuinunua dukani, kwa bei ya riwaya kadhaa za mitumba. Sijutii.

Bei za mzee ni kati ya elfu mbili na elfu saba, na anapunguza kidogo ukichukua viwili. Nenda asubuhi, mchana jua linapiga upande wa maboksi, na Jumapili hafungui.

Jumamosi iliyopita nilimuuliza habari za riwaya za Adam Shafi. Akatabasamu, akasema Kasri ya Mwinyi Fuad anacho nyumbani, hakipangi mezani kwa sababu anataka kimpate msomaji. Nimemwachia elfu mbili ya kukishikilia.