Utisho wa analogi: hofu iliyomo ndani ya tangazo

Miongoni mwa vitu ambavyo vijana wa Goma hupakiana kwenye flashi na simu, pamoja na muziki wa Kinshasa na filamu za Nigeria, siku hizi zimo video fupi za kutisha zenye picha chafu, zilizotengenezwa zionekane kana kwamba zimenakiliwa kutoka kanda za VHS au zimerekodiwa kutoka kituo cha televisheni cha zamani. Aina hii huitwa utisho wa analogi (kwa Kiingereza analog horror), na jina hilo lilienea kutokana na kaulimbiu ya Local 58, mfululizo ambao Mmarekani Kris Straub alianza kuuweka YouTube mwaka 2015. Nimeitazama mifululizo yake mikubwa kwa makini, na hapa naeleza ipi inastahili mega zako, ipi haistahili, na kwa nini naamini inatugusa sisi wa mji huu zaidi ya inavyodhaniwa.

Wanaoisifu aina hii husema mara nyingi kwamba nguvu yake ni kumbukumbu: mtu aliyekulia Marekani miaka ya 1980 au 1990 akiona mistari ya kanda iliyochakaa anaikumbuka sebule ya wazazi wake, kisha kumbukumbu hiyo nzuri inachafuliwa mbele ya macho yake. Maelezo hayo hayanitoshi. Vijana ninaowafahamu katika mitaa yetu ya Himbi na Katindo hawajawahi kuona kituo cha Marekani kikifunga matangazo usiku wa manane, na wengi wao hawajawahi hata kutia kanda ndani ya deki. Hata hivyo wanaogopa, tena wanaogopa palepale anapoogopa Mmarekani. Martin Walls, aliyeanza kuutoa The Walten Files mwaka 2020, ni Mchile, na bado mkahawa wake wa Kimarekani wenye midoli ya mitambo unatisha kweli. Kinachotisha, kwa maoni yangu, ni tangazo. Mtu mzima yeyote amezoea kwamba ipo sauti fulani, tulivu na isiyo na jina, inayosema kwa niaba ya serikali, kituo cha televisheni au shule, na kwamba sauti hiyo ikisema jambo, jambo hilo hufuatwa. Utisho wa analogi huiacha sauti hiyo ilivyo na kubadilisha tu kile inachotuagiza.

Hakuna anayelifanya hilo vizuri kuliko Straub. Katika video ya kwanza ya Local 58, iitwayo Weather Service, tunaona taarifa ya kawaida ya hali ya hewa ya usiku, ambayo ghafla inakatizwa na tahadhari ya dharura. Maandishi yanawaonya watu wasiutazame mwezi. Kisha, kwenye skrini ileile, yanaingia maandishi yanayosema kinyume chake: tokeni nje, mtazame. Hakuna mnyama anayeruka kutoka gizani wala damu inayomwagika, na mtazamaji anabaki akijiuliza ni ipi kati ya sauti hizo mbili iliyo ya kituo. Katika Contingency ya mwaka 2017 jambo ni zito zaidi, kwa sababu kituo kinarusha ujumbe unaodaiwa kuandaliwa na serikali zamani kwa ajili ya siku ambayo Marekani ingeshindwa vita na kujisalimisha, na ujumbe huo unawaagiza raia wajiue. Unasema hayo kwa adabu, kwa mpangilio, kwa lugha ya ofisi. Mwishoni kituo kinaeleza kwamba ulikuwa uzushi, lakini wakati huo mtazamaji ameshasoma kila neno. Naiona ndiyo video bora kuliko zote za aina hii, na naisifu nikijua kwamba haimfai kila mtu. Aliye katika siku za huzuni nzito asiitazame, na watoto wasioneshwe kabisa.

Hofu hiyo ina mizizi katika mambo yaliyotokea. Tarehe 22 Novemba 1987, mjini Chicago, mtu aliyevaa barakoa aliyaingilia mawimbi ya vituo viwili vya televisheni, WGN na WTTW, usiku mmoja, na hadi leo hajatambuliwa. Wazee wetu nao hawahitaji kwenda Chicago: wanakumbuka televisheni ya Zaire, ambapo habari za jioni zilianza kwa uso wa Mobutu ukitokeza katikati ya mawingu. Mzee mmoja wa familia yetu, nilipomwonesha sehemu ya Local 58, aliniambia kwamba kwake hiyo haikuwa hadithi ya kubuni hata kidogo, kwa kuwa aliwahi kuishi mbele ya skrini ambayo hukuruhusiwa kuijibu.

Sisi wa Goma tunalo jambo letu tena. Huku watu huinua macho usiku kuelekea kaskazini kutazama wekundu juu ya volkano ya Nyiragongo, na kutokana na wekundu huo wanajisemea kama walale au wafungashe. Tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipolipuka jioni, wengi waliona anga limekuwa jekundu kabla hawajasikia tangazo lolote, wakaanza kutembea kuelekea mpakani na kuelekea Sake kwa kuyaamini macho yao. Siku tano baadaye, ardhi ikiendelea kutetemeka, tangazo lilikuja kweli: gavana wa kijeshi aliagiza mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe, na barabara zikajaa magodoro, mabeseni na watoto. Mtu aliyeyapitia hayo akisoma kwenye skrini kwamba asitazame angani, kisha kwamba atazame, hasomi mchezo wa maneno. Anajua jinsi ilivyo kusimama uani usiku, simu mkononi, akitafuta ni sauti ipi ya kufuata. Ndiyo maana nasema Local 58 ni kazi yetu pia, ijapokuwa imetengenezwa na mtu wa mbali asiyetufikiria.

Baada yake ningeweka Gemini Home Entertainment ya Remy Abode, iliyoanza mwaka 2019. Kanda yake ya kwanza inajifanya filamu ya elimu kuhusu wanyama wa ajabu, na uzuri wake ni kwamba sauti ya msimulizi haipandi wala haishuki hata pale ambapo viumbe anavyovieleza vimeacha kuwa wanyama. The Mandela Catalogue ya Alex Kister, iliyotoka mwaka 2021, inaanza kwa nguvu kubwa: kiumbe kinajifanya malaika Gabrieli na kuleta habari ya uongo, na hilo litamgusa sana mtu wa mji wenye makanisa mengi kama huu, ambaye amefundishwa kuzipima roho. Kwa bahati mbaya, kadiri mfululizo unavyoendelea, unategemea mno nyuso zilizovutwa na kelele za ghafla. Nyuso hizo hushtua mara ya kwanza na kuchosha baadaye, na waigaji wake wengi wamechukua udhaifu huo wakaiacha ile habari ya malaika, iliyokuwa ndiyo hazina. The Backrooms ya Kane Parsons, aliyoitoa Januari 2022 akiwa na miaka 16, ina picha bora kuliko zote. Vyumba vyake vya njano visivyo na mwisho alivitengeneza kwa programu ya Blender, na bado ungeapa kwamba vimepigwa kwa kamera. Hapo hakuna tangazo, kwa hiyo inanitisha kidogo tu, ingawa ninaishangaa kila ninapoiona.

Kuhusu namna ya kutazama, wengi hudhani kwamba kwa kuwa picha imechafuliwa makusudi, ubora wa chini kabisa unatosha na mega zitaokolewa. Sivyo. Kwenye 144p chembechembe za kanda zinageuka miraba, maandishi madogo hayasomeki, na lile umbo lililofichwa kwenye pembe ya skrini linapotea kabisa. 480p inatosha, kwa sababu picha nyingi zimewekwa katika umbo la televisheni ya zamani lenye mraba zaidi, na hazina kitu cha ziada ambacho ubora wa juu ungekuonesha. Muhimu zaidi ni visikilizio vya masikioni: mlio wa umeme, mkoromo wa kanda na kimya kinachokuja baada yake ndivyo vinavyofanya nusu ya kazi, na spika ya simu inavimeza vyote.

Kasoro kubwa kwetu ni lugha. Mifululizo hii inasomwa kuliko inavyosikilizwa, maandishi yake ni ya Kiingereza na hupita haraka, na sijapata yenye maandishi ya Kiswahili. Anayesoma Kifaransa na Kiswahili tu atahitaji rafiki wa kumsomea, na kusimamisha video kila mara kunavunja pumzi yake. Jambo la pili linawahusu wanaozisambaza. Nimeona vipande vya matangazo haya ya kubuni vimekatwa vichwa na mikia, bila jina la mfululizo, vikirushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa. Katika mji ambao agizo la kuhama linaweza kutolewa kesho na likawa la kweli, kipande cha namna hiyo ni hatari, kwa maana kinawazoesha watu kuyapuuza maandishi ambayo siku moja yataokoa maisha yao. Unayetaka kuanza, tafuta chaneli ya Straub mwenyewe, anza na Weather Service, na ukitaka kumtumia mwenzako, mtumie kiungo chenye jina lote la mfululizo.