Upasuaji wa Matundu Madogo kwa Uvimbe Maji wa Bega: Huduma Tuliyoipata Moshi

Mdogo wangu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Alitibiwa bega katika hospitali moja mjini Moshi, nami ndiye niliyemsindikiza tangu kliniki ya kwanza hadi kwenye mazoezi tiba.

Kilichoniridhisha zaidi ni uchunguzi. Kwingine alikuwa akiandikiwa dawa za maumivu tu, lakini hapa daktari bingwa wa mifupa alimvua shati, akamgeuza, akanionyesha jinsi msuli wa nyuma ya bega ulivyosinyaa hadi kuacha bonde. Akamwambia abane kiwiko ubavuni na kusukuma kiganja kuelekea nje; mkono wa kulia ukashindwa papo hapo. Picha ya MRI ilithibitisha kifuko cha majimaji mazito kilichokuwa kikiubana mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya bapa la bega. Tulielezwa, bila haraka, kwamba uvimbe wa aina hii mara nyingi huanzia kwenye ukingo wa gegedu uliochanika ndani ya kiungo, ute ukapenya na kujikusanya nje, na kwamba ukinyonywa kwa sindano huku mchaniko ukiachwa, unaweza kujaa tena.

Upasuaji ulifanyika akiwa amelazwa usingizi. Kamera nyembamba ilipitishwa kwenye tundu lisilofika sentimita moja, vifaa vikapita kwenye matundu mengine, uvimbe ukakamuliwa na ukingo ukashonwa. Vidonda vilipona vizuri, na yale maumivu ya usiku yamekwisha.

Kasoro ilikuwa kwenye maelekezo ya kutoka wodini, na kwangu hilo si jambo dogo, maana mshono wa ndani unaweza kuharibika mgonjwa akinyanyua kitu mapema. Tulipewa mkanda wa kuning'iniza mkono na kuambiwa “asibebe kitu”, bila karatasi yoyote. Namna ya kuoga, na lini aanze kukunja kiwiko na vidole, tulikuja kufundishwa na mtaalamu wa mazoezi tiba, ambaye kwa kweli anastahili sifa zote. Gharama nazo zilitajwa vipande vipande: kwanza upasuaji, kisha vifaa vya kushonea, kisha dawa.

Nguvu zinarudi polepole, kwa kuwa mshipa wa fahamu hauponi haraka, na bado hajaruhusiwa kubeba mzigo wa kilo 20 mlimani. Huduma yenyewe naipendekeza. Mtakaokwenda, ombeni bei yote kwa maandishi na mpange mazoezi tiba kabla ya siku ya upasuaji.