Gereji Iliyoning'olea Kabureta ya Indian Chief

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu, kwa sababu kazi ya giaboksi waliifanya vizuri, lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona hata moja ni nyingi. Jina lao sitalitaja. Ni mojawapo ya gereji za hapa Ohio zinazojinadi kuwa mabingwa wa pikipiki za kale za Marekani.

Pikipiki yangu ni Indian Chief ya 1947, iliyoundwa Springfield, Massachusetts, miaka sita kabla kiwanda kile hakijaacha kuzitengeneza mwaka 1953. Asiyeizoea atadhani aliyeibuni alikuwa na ugomvi na waendeshaji, maana aksileta iko mkono wa kushoto, gia hubadilishwa kwa mkono wa kulia kwa fimbo iliyo kando ya tangi, na klachi hukanyagwa kwa mguu. Madigadi yake yameteremka hadi kuyafunika magurudumu kama buibui, na juu ya lile la mbele kuna taa ndogo yenye umbo la kichwa cha Mwenyeji wa Marekani aliyevaa taji la manyoya. Indian ndiyo kampuni ambayo pikipiki zake zilitwaa nafasi tatu za kwanza katika mashindano ya Isle of Man mwaka 1911. Anayeitafuta Chief leo hatafuti mwendo, kwani pikipiki nyingi za kisasa zitampita. Anatafuta chuma kilekile, na mlio uleule wa silinda mbili kubwa.

Niliipeleka kwao kwa jambo moja tu: gia ya pili ilikuwa ikichomoka. Baada ya muda mrefu wa kuambiwa "wiki ijayo", nilikwenda kuichukua, na mtu wa mapokezi, bila kuinua macho kwenye simu yake, akaniuliza mwenye pikipiki yuko wapi. Nilipomwambia kuwa ndiye mimi, alicheka kidogo akasema hakujua kwamba watu wa kwetu wanapenda vitu hivi. Angejisumbua kufika Pickerington, kwenye jumba la makumbusho la pikipiki lililomo humuhumu Ohio, angesoma habari za Bessie Stringfield, mwanamke mweusi aliyezunguka Marekani peke yake kwa pikipiki tangu miaka ya 1930, na ambaye mwaka 2002 aliingizwa katika orodha ya mashujaa wa mchezo huo.

Hilo ningelimeza. Lakini nilipoinama kufungua petroli niliona kabureta mpya inayong'aa mahali pa kabureta yangu ya zamani aina ya Linkert, ile yenye mikwaruzo ninayoijua mmoja mmoja. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba ya zamani ilikuwa ikivuja, kwamba hii huwaka kwa kiki moja, na kwamba nilipaswa kushukuru. Ya zamani iko wapi? Imetupwa. Kwenye ankara wakaandika "uboreshaji", wakanitoza.

Nikiri kweli: inawaka kwa kiki moja, hata asubuhi za baridi, na hilo ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu kila ikiwaka nasikia sauti ya yule bwana akiniambia nishukuru. Baadaye nilikwenda Wauseon, kwenye gulio la wapenzi wa pikipiki za kale, nikakuta Linkert iliyotumika ambayo bei yake ilinifanya niirudishe mezani taratibu.

Fundi mzee wa giaboksi, aliyetoka nje na grisi hadi viwikoni kunionyesha jino la gia lililokuwa limelika, namtoa kwenye lawama hizi. Yeye ningempa nyota tano leo hii, na akifungua gereji yake nitakuwa wa kwanza mlangoni. Hao wengine wanirudishie kabureta yangu kwanza, ndipo tuzungumze habari za nyota.