Kuvuta matokeo ya Google mpaka kwenye jedwali: uzoefu wangu na habari za alizeti, Dodoma

Kama kazi yako inakulazimu kufuatilia jambo moja mtandaoni kila siku, na bajeti ya huduma kubwa za kulipia huna, Google Alerts (huduma ya Google inayokuletea kurasa mpya zenye maneno uliyoyachagua) ikiunganishwa na Google Sheets, yaani jedwali la mtandaoni, na Apps Script, sehemu ya kuandikia maagizo ya kuliendesha jedwali hilo, inatosha. Nimeitegemea tangu msimu uliopita wa alizeti na bado inanifanyia kazi. Naeleza inavyokwenda, na pale ambapo haifiki.

Ninashughulikia taarifa za kikundi cha wakamuaji wadogo wa mafuta ya alizeti. Wenye mashine wako hapa Dodoma mjini, Kongwa, na wengine upande wa Singida. Mkamuaji hununua mbegu wakati wa mavuno, kuanzia Mei kuelekea Julai, anajaza ghala, halafu anakamua taratibu kwa miezi kadhaa. Akishanunua kwa bei ya juu, kisha ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje ukashushwa, mafuta ya nje yanaingia kwa bei rahisi na mtaji wake umeshalala ndani ya magunia. Mapendekezo ya ushuru huo hutoka kwenye hotuba ya bajeti, ambayo husomwa hapa hapa Bungeni mwezi Juni, katikati kabisa ya ununuzi. Kwa watu hawa, kuipata habari mapema ni suala la mtaji.

Zamani nilikuwa nafungua Google asubuhi, naandika maneno yale yale, nakopi kichwa cha habari, nakopi linki, napesti. Kazi hiyo inachosha, na inakatika siku ukiugua au ukisafiri.

Sasa mpangilio wenyewe. Kwenye Google Alerts unaandika maneno unayotaka yafuatiliwe, na pale panapoulizwa matokeo yapelekwe wapi, badala ya barua pepe unachagua mlisho wa RSS, yaani orodha ya habari inayojisasisha ambayo programu nyingine inaweza kuisoma. Unapewa anwani ya mlisho. Ukiiweka kwenye Google Sheets ndani ya fomula ya IMPORTFEED, vichwa vya habari, linki na tarehe vinajipanga vyenyewe mstari kwa mstari. Dakika chache tu na umeshaona matokeo. Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo shida inapoanzia.

IMPORTFEED haihifadhi kitu. Inaonyesha kilichomo kwenye mlisho kwa sasa, na mlisho unabeba habari chache za karibuni. Habari mpya zikiingia, za zamani zinatoka kwenye jedwali lako. Tena inajisasisha takriban kila saa endapo jedwali limefunguliwa; ukilifunga, inalala. Ukitaka kumbukumbu ya msimu mzima, kwamba mwezi fulani habari za mashudu zilisemaje, fomula peke yake haikupi.

Dawa yake ni Apps Script, ambayo imo ndani ya Google Sheets yenyewe na haina malipo. Unaandika skripti fupi, yaani maagizo kwa kompyuta, kwa lugha ya JavaScript: UrlFetchApp inauvuta mlisho, XmlService inauchambua, kisha kila habari ambayo linki yake haijawahi kuonekana inaongezwa chini ya jedwali na kubaki hapo. Unaiwekea ratiba. Yangu inaamka alfajiri kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili. Google yenyewe inachagua dakika ndani ya saa hiyo, kwa hiyo usishangae ikitofautiana kidogo. Akaunti ya kawaida ya Gmail inaruhusiwa kuvuta anwani 20,000 kwa siku, na skripti isizidi dakika 6 kila inapokimbia. Kikundi kama chetu hakikaribii hata kidogo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote hapa: kazi hii yote inafanyika kwenye seva za Google. Umeme ukikatika Area C usiku kucha, kompyuta yangu ikiwa imezima, bando likiwa limeisha, skripti imeshakimbia na mistari imeshaingia. Nikifungua simu asubuhi natumia data ya kusoma jedwali tu. Niliwahi kupewa ushauri wa kuweka programu ya kuvuta matokeo kwenye kompyuta ya ofisini. Kwa mazingira yetu sikuona mantiki ya kuifanya habari ya ushuru itegemee luku.

Kuna mambo mawili ya kusafisha, na usiposafisha jedwali litakuchosha mapema. Linki zinazokuja kupitia Alerts hazielekezi moja kwa moja kwenye habari. Zinapitia kwanza anwani ndefu ya Google, na ya kweli imo ndani yake baada ya neno url. Itoe kwa fomula ya REGEXEXTRACT au ndani ya skripti, la sivyo habari moja iliyonaswa na maneno mawili tofauti utaihesabu mara mbili. La pili ni saa. Muda kwenye mlisho umeandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Habari iliyotoka saa saba usiku kwetu itabeba tarehe ya jana. Wakati wa bajeti jambo hilo linavuruga mpangilio, kwa hiyo nimeiagiza skripti igeuze muda wote uwe wa Dar es Salaam.

Pamoja na hayo yote, kuunganisha mitambo hii ndiyo sehemu rahisi. Jedwali linakuwa zuri au baya kutokana na maneno unayotafutia, na huko ndiko nilikomalizia muda wangu mwingi. Ukiandika alizeti peke yake utaletewa mapishi, mafuta ya nywele na urembo wa ngozi. Nikaanza kuunganisha: alizeti pamoja na bei, alizeti pamoja na Singida au Dodoma, "mafuta ya kula" ndani ya alama za kunukuu pamoja na ushuru. Alama ya kutoa mbele ya neno inaliondoa, kwa hiyo ngozi na nywele nimezifukuza. Kwa matangazo ya serikali nina utafutaji wa peke yake wenye site:go.tz, maana tangazo la wizara au halmashauri linaweza kukaa kwenye tovuti yao siku kadhaa kabla gazeti halijaligusa. Kila utafutaji una mlisho wake, na skripti inaandika kwenye safu ya pembeni mstari umetoka utafutaji upi. Safu hiyo ndiyo inayonionyesha maneno yapi yanaleta taka, nikayabadilisha.

Nilishajaribu njia nyingine. Ipo huduma moja ya kulipia, jina naliacha, inayounganisha mlisho na jedwali bila wewe kuandika skripti. Ni nyepesi kuianza, hilo nalikubali kwa moyo mmoja. Ila malipo ni kwa dola kila mwezi, na kila mstari unaoingia unahesabiwa kwenye mgao wako. Mgao wetu uliisha katikati ya Juni, wiki ambayo kila mtu anaandika kuhusu bajeti, na mistari ikaacha kuingia bila sisi kuona taarifa yoyote. Mzee mmoja wa Kongwa akanipigia simu, "Mwanangu, mbona jedwali lako limenyamaza na redioni wanasema ushuru?" Sikurudi tena huko.

Wapo pia wanaotaka kuelekeza IMPORTXML, fomula inayovuta yaliyomo kwenye ukurasa wa wavuti, moja kwa moja kwenye ukurasa wa matokeo wa Google. Siwashauri. Faili la robots.txt la Google linakataza mashine kupita kwenye anwani za /search, na hata ukijaribu, muundo wa ukurasa hubadilika mara kwa mara na fomula yako inabaki na kosa. Njia rasmi ya Google ya kutafutia kwa watengenezaji programu, Custom Search JSON API, kwa miaka mingi ilitoa maswali 100 ya bure kwa siku, matokeo 10 kwa kila swali. Kwa kufuatilia habari mpya sikuihitaji. Ilimfaa zaidi anayechimba mambo ya nyuma.

Baada ya hapo ni kushirikishana. Jedwali lina mistari ya kutosha kumtisha mtu, hivyo sikuwapa wanachama lote. Karatasi ya pili inachuja habari za siku saba zilizopita, nami nasoma, nachagua zenye uzito, naandika kwa kifupi kwenye grupu la WhatsApp kabla wenye mashine hawajaanza kazi. Hatua hiyo sijaiachia mashine na sina mpango huo. Kichwa cha habari kinaweza kusema ushuru umepanda wakati ndani ni mbunge ameomba upandishwe, na mtu akinunua tani za mbegu kwa kichwa hicho nitakuwa nimemuumiza.

Linaloniuma kidogo ni kwamba bei yenyewe ya sokoni haimo. Alerts inanasa kurasa za wavuti. Bei ya gunia pale Kibaigwa asubuhi ya leo inapita kwenye simu za madalali na magrupu ya WhatsApp, wala huwezi kuipata kwa kutafuta Google. Kwa hiyo nimeongeza fomu ya Google Forms yenye maswali matatu: soko, zao, bei kwa kilo. Mama mmoja anayenunua Kibaigwa na kijana wetu wa Singida wanaijaza wakiwa sokoni, na majibu yanaingia kwenye jedwali lile lile, kwenye karatasi yake. Nikiweka bei hizo kwa tarehe kando ya habari za ushuru, naona bei ya mbegu inavyoyumba kabla na baada ya tangazo, na hilo ndilo wanakikundi wanaloniuliza zaidi kila tunapokaribia Juni.