Zram na earlyoom kwenye laptopu ya RAM 4GB, uzoefu wangu

Nianze na jibu kwa wenye haraka: kama una laptopu ya bei ya chini yenye RAM 4GB na ile hifadhi ya eMMC (chipu ya kuhifadhia mafaili inayokaa badala ya diski), afu Linux yako inaganda mpaka mshale wa mausi unasimama, weka zram (inabana data ndani ya RAM) na earlyoom (inafunga programu nzito RAM ikikaribia kuisha) kwanza kabla hujaanza kuhangaika kubadilisha desktopu. Natoa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja iliyobaki ntasema imeenda wapi.

Mashine yangu ni hizi za Celeron ya kori mbili, RAM imechomelewa kwenye madabodi yaani hata ukinunua nyingine huna pa kuichomeka, na eMMC ya 64GB nayo imechomelewa humohumo. Linux niliyoweka ni ya ukoo wa Debian, desktopu ni Xfce. Ikiwaka iko freshi kabisa, mafaili yanafunguka, unaandika bila shida yoyote. Kasheshe ni ukifungua brauza na vichupo kadhaa, kimoja kina video, afu uguse LibreOffice juu yake, hapo mshale unaanza kurukaruka, muziki unarudia kipande kilekile, kisha kimya. Saa nyingine inazinduka yenyewe, saa nyingine unaishia kukandamiza kitufe cha pawa tu.

Utaambiwa prosesa yako dhaifu. Ni dhaifu kweli, sibishi, ila siyo inayogandisha. Mashine ikianza kuchoka ingia terminali, andika top, tazama mstari wa %Cpu kuna herufi "wa". Hizo zinaonyesha muda ambao prosesa imekaa haina kazi inasubiri diski. Kwangu "wa" ndo ilikuwa juu kuliko zote huku "us" (muda wa kuendesha programu zenyewe) iko chini, na load average (wastani wa prosesi zinazofanya kazi au kusubiri) imepaa vibaya, na hii load inachanganya watu wengi kwa sababu Linux inahesabu humo hata prosesi zilizokwama zikisubiri diski (zile zenye alama ya D), kwa hiyo load kubwa haina maana kwamba prosesa imeelemewa. Afu piga free -h, usishtuke na safu ya free, kuwa ndogo ni kawaida maana RAM iliyolala inatumika kama kashe, wewe angalia available. Ikikaribia sifuri na swapu (nafasi ya akiba ya kumwagia vitu RAM ikijaa) inajaa, umempata mchawi.

Kinachotokea ni hiki, RAM ikijaa keneli (kiini cha Linux) inahamishia vitu kwenye swapu, swapu iko kwenye eMMC, na eMMC kwa kusoma vipande vidogovidogo vilivyotawanyika ni konokono ukiilinganisha na SSD ya maana. Kibaya zaidi hata kodi ya programu zenyewe inatupwa kutoka kwenye RAM kwa kuwa nakala iko diski, sekunde hiyohiyo inatakiwa tena, inasomwa upya, inatupwa tena. Keneli ina utaratibu wake wa kuua programu kumbukumbu ikiisha, ila unachelewa mno, kwa sababu kila mara inaona bado inapata kanafasi kidogo.

Kabla hujainstali chochote bonyeza Caps Lock wakati imeganda. Taa ikibadilika hata kwa kuchelewa, keneli iko hai na ugonjwa wako yaelekea ni huu wangu. Isipobadilika kabisa, tena inaganda hata RAM ikiwa tupu, huo ni ugonjwa mwingine, chipu za zamani za Bay Trail zilisumbua sana na mambo ya usingizi wa prosesa, watu wakawa wanaweka intel_idle.max_cstate=1 kwenye grub (programu inayoiwasha Linux). Zram haitakusaidia hapo.

Sasa zram yenyewe. Inachukua sehemu ya RAM inaifanya swapu iliyobanwa, yaani data badala ya kwenda diski inabanwa na kubaki humohumo, mara nyingi inashuka mpaka nusu au theluthi ya ukubwa wake. Siyo kitu cha majaribio, iko ndani ya keneli tangu 3.14 ya 2014, na Fedora wanaiwasha wenyewe tangu toleo la 33 la 2020. Kwangu ilikuwa sudo apt install zram-tools, nikafungua /etc/default/zramswap nikaweka ALGO=zstd (njia ya kubana) na PERCENT=50, kisha sudo systemctl restart zramswap. Ukipiga swapon --show itakuonyesha zram iko juu kwa kipaumbele. Njia nyingine ya kubana, lz4, ni nyepesi kwa prosesa, zstd inabana zaidi, mimi kwa RAM 4GB nachagua kubana.

Na ile swappiness (namba ya kuiambia keneli ikimbilie swapu kwa kiasi gani) kila mtu anakwambia shusha iwe 10, huo ni ushauri wa enzi za swapu ya diski. Kwa zram unaenda kinyume, unataka keneli iitumie mapema, yangu iko 150 (kuanzia keneli 5.8 unaruhusiwa mpaka 200), na vm.page-cluster (inapanga vipande vingapi visomwe kwa pamoja kutoka swapu) nimeweka 0.

Tofauti niliisikia papohapo. Brauza na LibreOffice pamoja sasa vinaenda, kuna kusitasita kidogo ukirudi kwenye kichupo cha siku nyingi, basi.

Earlyoom ndo mlinzi wa mwisho. Available na swapu zote zikishuka chini ya asilimia 10 inaiomba programu nzito ijifunge, zikifika chini ya 5 inaiua tu. Mara nyingi anayekufa ni kichupo cha brauza na hiyo sina neno nayo. Ila ikiua haikutangazii kitu kwenye skrini mpaka uiwashie mwenyewe taarifa, na kama una kazi hujaisevu kwenye programu nzito ujue nayo iko foleni, labda uitaje kwenye --avoid. Nyota imeenda hapo.

Nyongeza kwa wa Ubuntu: Alt+SysRq+F inaua programu kwa mkono, lakini kwa kawaida imezuiwa, kernel.sysrq (mpangilio wa amri zipi za SysRq zinaruhusiwa) iko 176. Weka 240 itaitika. Kwenye laptopu SysRq huwa ni kitufe cha PrtSc, nyingine zinataka na Fn.

Zram haiongezi nguvu ya prosesa, simu za video bado zinaikamua ikipata moto. Ila eMMC imepumzika kuandikwaandikwa. Ukitaka kujua yako imechakaa kiasi gani instali mmc-utils, piga sudo mmc extcsd read /dev/mmcblk0 utafute mistari ya Life Time, 0x01 maana yake haijavuka asilimia 10 ya uhai wake, na yangu bado iko hapo.