Tathmini ya Shahada ya Kwanza ya Uhandisi wa Umeme: Masharti Yake na Uzito Wake

Nilihitimu shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme baada ya miaka 4 ya masomo, na tangu wakati huo wanafunzi wanaomaliza sekondari wamekuwa wakiniuliza kama masharti ya kujiunga nayo ni ya haki, na kama yanayofundishwa ndani yake yanalingana na jasho linalodaiwa. Ninaitathmini hapa kama mtu aliyeitumia huduma hii kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa jumla ninaipendekeza kwa moyo mkunjufu. Hata hivyo, kuna jambo moja linalonisumbua mpaka leo, nalo ni namna hisabati inavyodaiwa kwa ukali mlangoni na kisha kufundishwa mbali na saketi, yaani njia za umeme zilizounganishwa kwa vifaa, zinazoipa maana.

Sifa za kujiunga zinafanana sana kokote shahada hii inakotolewa. Mwombaji hutakiwa kuwa amefaulu vizuri hisabati na fizikia katika ngazi ya juu ya sekondari, na mara nyingi kemia huongezwa, pamoja na ufahamu wa kutosha wa lugha ya kufundishia. Mwenye stashahada ya ufundi sanifu naye hupokelewa katika vyuo vingi, na vingine humruhusu kuanzia mwaka wa pili iwapo masomo aliyoyapitia yanalingana na yale ya mwaka wa kwanza. Njia hii ya pili hudharauliwa bila sababu. Wenzangu waliopitia ufundi sanifu walihangaika na kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, katika miezi ya mwanzo, lakini tulipoingia maabara wao ndio waliotushika mkono sisi wengine, kwa kuwa walikwisha kuzoea kupima volteji, kusoma michoro ya nyaya na kutambua kifaa kilichoungua kwa kukitazama tu.

Kemia hulalamikiwa kuliko sharti lingine lolote, na niliwahi kuwa miongoni mwa walalamikaji. Nilibadili mawazo tulipofika kwenye somo la vifaa vya elektroniki. Transista, kifaa kidogo cha kukuza au kukata mkondo, ambayo John Bardeen na Walter Brattain waliionyesha ikifanya kazi mwaka 1947 katika maabara za Bell, na ambayo iliwapatia wao na William Shockley Tuzo ya Nobel mwaka 1956, haieleweki pasipo kujua kwa nini silikoni iliyotiwa fosforasi kidogo sana hupata elektroni za ziada, na ile iliyotiwa boroni hubaki na nafasi zinazokosa elektroni. Mwanafunzi anayekumbuka mpangilio wa elektroni katika atomu hulielewa jambo hili kwa kipindi kimoja. Asiyekumbuka hulikariri, na alichokikariri humtoroka mara tu swali linapogeuzwa kidogo.

Hisabati ndiyo inayobeba shahada nzima. Katika miaka miwili ya kwanza nilisoma kalkulasi kwa mihula mitatu, aljebra ya matriki na vekta, namba changamano, nadharia ya uwezekano, pamoja na milinganyo ya mabadiliko, yaani ile inayohusisha kiasi fulani na kasi ya kubadilika kwake. Orodha hiyo humtisha mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, na ni haki imtishe, kwa sababu alama nzuri ya sekondari haihakikishi kwamba ataimudu. Niliwaona wanafunzi walioingia na alama za juu kabisa wakikwama, kwa kuwa walikuwa wamefaulu kwa kukariri kanuni na kulinganisha swali na mfano uliokwisha kutatuliwa. Sharti la kweli, ambalo halimo katika fomu yoyote ya maombi, ni uwezo wa kukaa na swali lisilo na mfano kwa saa mbili au tatu bila kukata tamaa.

Lakini kwa nini hisabati yote hiyo? Namba changamano zinanipa mfano ninaoupenda zaidi. Namba hizi, ambazo hujengwa juu ya kipeuo cha pili cha hasi moja, huonekana kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kama mchezo usio na uhusiano wowote na waya wala mota. Mwaka 1893, Charles Proteus Steinmetz aliwasilisha mbele ya mkutano wa kimataifa wa wahandisi wa umeme huko Chicago njia ya kuzitumia katika kukokotoa saketi za mkondo geu. Kabla ya hapo, saketi yenye koili (waya uliozungushwa) na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) ililazimu kutatua mlinganyo mrefu wa mabadiliko kwa kila swali, kwa sababu mkondo na volteji hupanda na kushuka mara 50 au 60 kwa sekunde, tena bila kufika kileleni kwa wakati mmoja. Kwa njia ya Steinmetz, ukubwa wa wimbi na kuchelewa kwake huwekwa pamoja ndani ya namba moja changamano, na kazi iliyokuwa ya kalkulasi hugeuka kuwa ya kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Nilipolielewa hilo, nilihisi kwamba mtu fulani alikuwa amenitua mzigo kichwani. Nilisikitika pia, kwa kuwa nilikuwa nimefanya mtihani wa namba changamano mwaka mzima kabla ya mtu yeyote kuniambia zinatumika wapi.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Masomo ya shahada hii yamepangwa kwa mnyororo: huwezi kusajili milinganyo ya mabadiliko kabla ya kufaulu kalkulasi, huwezi kusajili somo la ishara na mifumo kabla ya milinganyo hiyo, na huwezi kuingia kwenye mifumo ya udhibiti kabla ya ishara na mifumo. Mpangilio huo una mantiki na siupingi. Kinachoumiza ni kwamba aliyefeli kiungo kimoja hubeba somo hilo hadi litakapofundishwa tena, na katika chuo nilichosoma masomo mengi yalifundishwa mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo kufeli muhula mmoja kulimaanisha kuchelewa kuhitimu kwa mwaka mzima. Zaidi ya hayo, hisabati ilifundishwa na idara nyingine, kwa wanafunzi wa fani zote kwa pamoja, kwa mifano ya matangi ya maji na magari yanayoongeza kasi. Mifano hiyo ni sahihi. Mwanafunzi wa umeme, hata hivyo, alistahili kuonyeshwa kwamba mlinganyo uleule unaoeleza tangi linalojaa unaeleza pia kapasita inayochajiwa.

Kapasita hiyo niliiona kwa macho katika muhula wa tatu. Tuliunganisha resista, kifaa kinachozuia mkondo, ya omu 1,000 na kapasita ya mikrofaradi 1, tukawasha chanzo cha volti 5 na kutazama skrini ya osiloskopu, kifaa kinachochora jinsi volteji inavyobadilika kadiri muda unavyopita. Mstari ulipanda kwa kasi mwanzoni, kisha ukalegea, na baada ya milisekunde 1 ulikuwa umefika karibu asilimia 63 ya volteji yote, jinsi hesabu ya daftarini ilivyosema. Baada ya milisekunde 5 ulikuwa umepita asilimia 99. Hakuna mhadhara ulionifundisha zaidi ya dakika zile kumi. Tulibadilisha resista, tukaona muda ukirefuka kwa kiwango kilekile tulichokitabiri, na kuanzia siku hiyo sikuuogopa tena mlinganyo wa mabadiliko.

Kwa bahati mbaya, maabara ndiyo sehemu ya huduma hii iliyo dhaifu kuliko zote. Katika chuo changu tulikuwa watu watano kwa osiloskopu moja, na mara nyingi mmoja alishika vifaa, mmoja akaandika, na watatu wakanakili. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka minne namna hiyo bila kulehemu hata kiungo kimoja kwa mkono wake. Ninaliona hilo kuwa kasoro kubwa ya mafunzo, tena ni kasoro ya usalama, kwa kuwa mhandisi ambaye hajawahi kuzoeshwa kuiondolea chaji kapasita kubwa kabla ya kuigusa anaweza kupoteza maisha mbele ya mtambo uliokwisha kuzimwa.

Somo la saketi lenyewe linafundishwa vizuri mahali pengi, na linafaa kusifiwa. Linaanza na kanuni ya Ohm ya mwaka 1827, inayounganisha volteji, mkondo na ukinzani, na kanuni mbili za Gustav Kirchhoff, aliyezitoa mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu: jumla ya mikondo inayoingia kwenye kiungo ni sawa na jumla ya inayotoka, na volteji zote katika mzunguko uliofungwa hujumlika kuwa sifuri. Kwa kanuni hizo chache mtu anaweza kuchambua saketi yenye matawi mengi sana, mradi awe na subira na aijue aljebra ya matriki.

Somo la uga sumaku-umeme ni habari nyingine. Huko mwanafunzi hukutana na milinganyo ya James Clerk Maxwell, aliyeonyesha katika chapisho lake la mwaka 1865 kwamba umeme na sumaku ni jambo moja na kwamba mwanga ni wimbi lake, na ambaye milinganyo yake mingi ilifupishwa baadaye na Oliver Heaviside kuwa minne tunayoijua leo. Ni somo zuri kuliko yote niliyowahi kusoma, na pia ndilo lililowaangusha wengi darasani kwetu. Halina njia ya mkato. Asiyeimudu kalkulasi ya vekta asilichukue kabla ya kuirudia, hata kama kanuni za chuo zinamruhusu.

Kuanzia mwaka wa tatu mwanafunzi huchagua mwelekeo: umeme mkubwa wa kuzalisha na kusafirisha, mawasiliano, udhibiti, elektroniki au kompyuta. Mimi nilichagua umeme mkubwa, na nilivutwa na hesabu moja rahisi, kwamba ukiongeza volteji mara 10 kwa nguvu ileile, mkondo hupungua mara 10 na nishati inayopotea kwa joto katika nyaya hupungua mara 100. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini nyaya za masafa marefu hubeba volteji kubwa vile, na kwa nini transfoma, kifaa cha kupandisha na kushusha volteji, ina thamani kubwa. Hata hivyo, ninamshauri kila mwanafunzi asiyakimbie masomo ya kuandika programu kwa hoja kwamba amechagua umeme mkubwa. Gridi ya leo, yaani mtandao wa kusambaza umeme, inaendeshwa kwa vidhibiti na kompyuta, na mhandisi asiyeweza kusoma wala kuandika programu hulazimika kumngoja mtu mwingine kila mtambo unapogoma.

Mafunzo ya viwandani na mradi wa mwaka wa mwisho ni masharti ya kuhitimu yanayochukuliwa kijuujuu kuliko yanavyostahili. Mradi ndiyo nafasi pekee ambapo mwanafunzi huanza na tatizo lisilo na jibu mwishoni mwa kitabu, akachagua vifaa, akakosea, akarekebisha, kisha akaandika ripoti ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata. Nilitumia wiki sita kutafuta kasoro iliyotokana na waya mmoja wa ardhi uliolegea. Nilijifunza ndani ya wiki hizo utaratibu wa kupima hatua kwa hatua ambao ninautumia kila siku kazini.

Jambo ambalo waombaji wengi hawaliulizi ni ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba programu inafikia viwango. Jina la shahada linaweza kuwa lilelile katika vyuo viwili, ilhali moja inatambuliwa na bodi za wahandisi na nyingine haitambuliwi. ABET, chombo cha ithibati chenye makao yake Marekani, hudai programu ya uhandisi iwe na angalau krediti 30 za muhula (krediti ni kipimo cha uzito wa somo) za hisabati na sayansi za msingi, na angalau 45 za masomo ya uhandisi yenyewe. Katika mfumo wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa kuwa na krediti 60, na shahada ya kwanza kwa kawaida ina 180 au 240. Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, yaliyoanzishwa na vyombo vya ithibati vya nchi sita na kupanuka baadaye, huviwezesha vyombo hivyo kutambuana, ili shahada iliyopata ithibati katika nchi moja mwanachama ihesabiwe kuwa inalingana na ya nchi nyingine. Anayetarajia kufanya kazi nje ya nchi alikosomea aliulize hili kabla ya kulipa ada ya kwanza. Ajue pia kwamba shahada peke yake haimpi mtu haki ya kutia saini michoro kama mhandisi kamili, kwa kuwa bodi nyingi hudai miaka kadhaa ya kazi chini ya usimamizi, na baadhi huongeza mtihani.

Kwa anayependa hisabati kwa dhati na asiyechoka kuuliza kwa nini taa inawaka, ninaipendekeza shahada hii bila kusita. Kwa anayevutwa na jina la uhandisi tu, au anayependa kazi ya mikono kuliko hesabu, ningemshauri aanze na stashahada ya ufundi sanifu, kisha aamue akiwa ameonja. Atakayekwenda kukitembelea chuo kabla ya kuomba asitosheke na majengo. Aombe kuingia maabara wakati wa kipindi na ahesabu ni wanafunzi wangapi wanaotumia osiloskopu moja, kisha amuulize mhadhiri wa saketi ni somo gani la hisabati wanafunzi wake wanalisoma wiki hiyohiyo.